Kabla Gurudumu Halijagusa Lami

Siku ya Jumamosi, Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi huamka kabla magari hayajaijaza barabara ya Lang'ata. Wanafunzi wa urubani huwahi kwa sababu hewa ya asubuhi imetulia, na wanajua fika kwamba ikifika saa tano jua litakuwa limeipasha moto ardhi ya mbuga iliyo jirani, na ndege ndogo zitaanza kurushwarushwa. Wanaingia kwenye Cessna 172 zao, mwanafunzi kiti cha kushoto, mkufunzi kulia. Wanaruka, wanazunguka, wanarudi, magurudumu yanagusa lami, na kabla ndege haijapoteza mwendo wote injini inanguruma tena na wako hewani. Wanafanya hivyo tena. Na tena. Saa moja ikiisha, kama foleni ya ndege imewaruhusu, mwanafunzi ametua mara sita au saba na hajaenda popote.

Hakuna sehemu ya mafunzo ya urubani inayokula muda, mafuta na moyo wa mtu kama hii. Kuruka si kazi kubwa hivyo, kwani ndege ndogo ikishapewa mwendo wa kutosha, yenyewe inataka kupaa. Kupanda, kushuka, kukata kona, kufuata ramani kutoka Nairobi hadi Naivasha, yote hayo mwanafunzi mwenye bidii huyashika mapema. Kutua ndiko kunakomrudisha nyuma. Wapo wanaotua vizuri wiki hii, na wiki ijayo wakawa kama hawajawahi kushika usukani. Nchini Marekani, ambako ajali za ndege ndogo huchunguzwa na kuhesabiwa mwaka baada ya mwaka, ajali nyingi zaidi zinazotokana na makosa ya rubani hutokea wakati wa kutua. Nyingi haziui. Gurudumu la pua huvunjika, panga za injini hupinda, ndege hutoka njiani ikaishia majanini, na hasara humwendea mwenye ndege na bima yake. Lakini zile chache zinazoua ndizo zinazoifanya kila saa ya mazoezi haya istahili gharama yake, na huwezi kuzielewa bila kuelewa kwanza mwanafunzi anafundishwa nini hasa kule juu.

Uwanja wa Wilson wenyewe una historia ndefu ya mambo haya. Florence Kerr Wilson, mama mjane aliyeishi Kenya, alianzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929 akiwa na rubani Tom Campbell Black, na mwaka 1962 uwanja ukapewa jina lake. Campbell Black ndiye aliyemfundisha urubani Beryl Markham, msichana aliyekulia Njoro akifuga na kufunza farasi. Septemba 1936 Markham alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, upepo ukimjia usoni njia nzima. Alipofika pwani ya Nova Scotia, Kanada, injini ikakosa mafuta. Akaishusha ndege kwenye kinamasi, pua ikazama matopeni, naye akatoka hai akiwa na jeraha la kichwani. Watu humsifu kwa zile saa 20 na zaidi alizokaa hewani. Mimi naisifu zaidi ile dakika ya mwisho, injini ikiwa kimya, pasipo njia ya kurukia wala mtu wa kumwongoza, akiwa na mazoea ya mikono yake tu. Mazoea hayo hayapatikani kwa kusoma. Yanapatikana kwa kuzunguka uwanja, asubuhi baada ya asubuhi.

Mzunguko wa mafunzo una umbo la mstatili. Ndege huruka kuelekea upepo unakotoka, hugeuka mara ya kwanza, hugeuka tena, kisha hurudi sambamba na njia ya kurukia ikiwa na upepo mgongoni, kiasi cha futi 1,000 juu ya ardhi. Hapo mwanafunzi hukagua mafuta, mkanda, breki na vipimo vya injini, huzungumza na mnara wa kuongozea ndege kwa redio, na hutafuta kwa macho ndege zilizo mbele yake. Akifika sawa na mwanzo wa njia hupunguza nguvu ya injini na kushusha flapu, yaani zile sehemu za nyuma ya mabawa zinazokunjuka ili ndege iweze kwenda polepole bila kuanguka. Kisha kona ya tatu. Kisha ya nne, na njia ya kurukia sasa iko mbele ya kioo.

Mkufunzi mzoefu anaweza kujua kutua kutakuwaje kabla hata ya kona ya tatu. Mwanafunzi aliyechelewa kupunguza mwendo, au aliyeuacha upepo umsogeze karibu mno na njia, tayari ana deni, na deni hilo litadaiwa pale ambapo muda wa kulilipa ni mdogo zaidi. Ndiyo maana wakufunzi hawachoki kurudia kwamba kutua vizuri huanza mbali. Mwanafunzi hulisikia neno hili siku ya kwanza na huliamini baada ya wiki nyingi.

Kona ya nne ndiyo inayowatisha walimu. Ndege iko chini, mwendo ni mdogo, na mwanafunzi aliyekawia kugeuka anauona mstari wa njia ukimpita. Mkono unataka kukaza kona. Mguu unataka kukanyaga pedali ili pua isukumwe iendako njia. Lakini kadiri ndege inavyolala ubavu ndivyo bawa linavyohitaji mwendo zaidi ili liendelee kubeba. Katika mlalo wa nyuzi 30, mwendo ambao bawa huishiwa nguvu hupanda kwa asilimia 7 hivi. Katika nyuzi 45 hupanda kwa asilimia 19. Katika nyuzi 60, asilimia 41. Bawa moja likiishiwa nguvu kabla ya jingine, ndege hujipindua na kuanza kuzunguka ikienda chini, na kutoka futi 400 au 500 hakuna nafasi ya kuirudisha sawa. Ajali ya namna hii ni miongoni mwa zile chache zinazoua. Kinga yake ni fupi, nayo ni ile ile duniani kote: ukiipita njia, usikaze kona. Ongeza nguvu, panda, zunguka upya.

Nairobi ina ugumu wake wa ziada ambao mwanafunzi wa Mombasa haujui. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, ilhali uwanja wa Moi kule Mombasa uko futi 200 tu. Hewa ya huku juu ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi. Siku yenye joto la nyuzi 24, hewa ya Wilson huibeba ndege kana kwamba uwanja uko karibu futi 8,000. Sasa chukua Cessna 172 inayokuja kutua kwa noti 65, yaani kilomita 120 kwa saa. Kipimo cha mwendo husoma noti 65 Mombasa na husoma noti 65 Wilson, kwa sababu kinapima msukumo wa hewa, na bawa nalo linajali msukumo huo huo. Lakini kwa kuwa hewa ya Wilson ni nyepesi, ndege hiyo inakimbia karibu noti 73 juu ya ardhi kama upepo umetulia. Ikilinganishwa na ndege inayotua usawa wa bahari katika hewa ya kawaida, nguvu ambayo breki na magurudumu lazima viimalize imeongezeka kwa robo nzima.

Jicho la mwanafunzi halina kipimo. Linaona ardhi ikija kasi, linaiambia akili kwamba mwendo umezidi, na mkono unaivuta pua juu ili kuupunguza. Hapo ndipo mwendo wa kwenye kipimo unapoteremka noti 60, 58, 55, huku rubani akiwa na hakika kwamba bado anaenda mbio. Mkufunzi aliyekaa kulia hugonga kioo cha kipimo kwa kidole. Kiamini hiki, acha macho. Na injini yenyewe, ambayo kiwandani imeandikiwa nguvu za farasi 160 au 180 kutegemea toleo, katika hewa kama hiyo hutoa robo tatu tu ya nguvu hizo au pungufu kidogo. Jambo hilo lina uzito kuliko yote niliyoyataja, na sababu yake itaonekana baada ya muda.

Kushuka kwenyewe kuna ufundi ambao ulielezwa vizuri tangu mwaka 1944, pale Wolfgang Langewiesche, rubani wa Marekani mzaliwa wa Ujerumani, alipochapisha kitabu chake Stick and Rudder, ambacho marubani bado wanakisoma. Mwanafunzi huchagua doa moja mwanzoni mwa njia. Doa hilo likipanda kwenye kioo cha mbele, ndege itafika chini kabla yake. Likishuka kuelekea miguuni, ndege italipita. Likitulia pale pale huku likizidi kukua, ndege inalifuata sawasawa. Hakuna hesabu inayohitajika. Mteremko wa kawaida ni wa nyuzi 3, ambao ni kama futi 300 kwa kila maili ya baharini, lakini mwanafunzi aliyeshika siri ya doa lisilosogea anaweza kutua mahali pasipo na taa za kumwonyesha mteremko, na Afrika Mashariki sehemu nyingi za kutua hazina taa hizo. Akishika hilo, kinachobaki ni kuzuia mikono isifanye kazi nyingi: kurekebisha kidogo, kungoja kidogo, kuangalia tena.

Halafu zinakuja zile mita mbili za mwisho, ambazo sijaona mashine ya kuigiza urubani ikizifundisha ipasavyo. Ndege ikikaribia ardhi kwa kimo kisichozidi urefu wa mabawa yake, ambao kwa Cessna 172 ni mita 11, hewa inayobanwa kati ya bawa na lami huanza kuisaidia kuelea. Mwanafunzi aliyekuja na mwendo wa ziada hugundua kwamba ndege haitaki kushuka. Inateleza hewani, lami inaisha chini yake, naye anaishiwa na subira. Aliyekuja na mwendo sahihi ana kazi nyingine: kuunyoosha mteremko, kuondoa nguvu ya injini, na kuivuta pua juu polepole kadiri mwendo unavyopungua, asiivute upesi hata ndege ikapanda tena, asichelewe hata gurudumu la pua likatangulia.

Macho yakiangalia karibu, kila kitu ni ukungu unaokimbia na mikono hushtuka. Yakitazama mwisho wa njia, mbali, akili huanza kuhisi kimo kwa namna upeo unavyoinuka pembeni mwa macho. Ni hisia ya mwili mzima, na kwa wengi huja ghafla baada ya siku nyingi za kukata tamaa. Kabla ya hapo mkufunzi humpa mwanafunzi agizo linalomshangaza: izuie ndege isitue. Izuie, izuie bado. Ile honi ndogo iliyo kwenye bawa la kushoto la Cessna, ambayo hulia hewa ikifyonzwa kupitia ulimi wake, huanza kunung'unika kuonya kwamba bawa linakaribia kuishiwa nguvu, na wakati huo huo magurudumu mawili ya nyuma hukaa lamini bila kishindo. Ndege imetua kwa sababu haiwezi tena kuruka. Hiyo ndiyo shabaha. Ndege iliyolazimishwa kukaa chini ikiwa bado na uwezo wa kuruka itaruka tena, na itachagua wakati mbaya.

Kudunda ndiko huko. Magurudumu yamegonga lami kwa nguvu, ndege imerushwa juu mita moja au mbili, na pua imeinuka. Silika ya binadamu ni kuusukuma usukani mbele ili aishushe. Ndege huinamisha pua, gurudumu la mbele hugonga kwanza, na mdundo wa pili huwa mkubwa kuliko wa kwanza. Ukisubiri wa tatu, panga za injini zinaweza kuchimba lami. Mafundi wa ndege wanazijua vizuri Cessna zilizotendwa hivi, kwa sababu mshtuko wa gurudumu la pua hupanda hadi kwenye ukuta wa bati ulio kati ya injini na miguu ya rubani na kuukunja. Matengenezo yake ni ghali na ya muda mrefu, na wakati huo wanafunzi wengine hawana ndege. Anachofundishwa mwanafunzi ni kushikilia pua palepale na kuongeza nguvu kidogo ili ndege ikae tena kwa upole. Mdundo ukiwa mkubwa, asijadiliane nao. Nguvu yote, juu, mzunguko mwingine.

Upepo wa ubavuni ni somo peke yake. Nairobi upepo mwingi hutoka mashariki na kaskazini-mashariki, na ndiyo maana ndege nyingi Wilson hutumia njia nambari 07, inayoelekea karibu mashariki. Lakini upepo haukubali kupangiwa kila siku. Pwani, ambako nusu ya mwaka ni ya kaskazi na nusu ya kusi, rubani wa ndege ndogo hujua kwamba uwanja uliomkaribisha vizuri Januari unaweza kumpa shida Julai. Mwanafunzi hufunzwa kwanza kuielekeza pua kidogo upande wa upepo, kama mvushaji wa mtumbwi anavyoelekeza omo juu ya mkondo ili afike ng'ambo anakotaka. Hivyo ndege husafiri sawasawa juu ya mstari wa njia ingawa pua inatazama kando. Tatizo ni kwamba magurudumu hayawezi kugusa lami yakiwa yametazama kando. Matairi yatakwaruzwa na ndege itavutwa pembeni. Kwa hiyo, sekunde chache kabla ya kugusa, rubani hutumia pedali kuinyoosha pua, na papo hapo huliteremsha bawa la upande wa upepo ili asipeperushwe. Mguu unafanya hili, mkono unafanya lile, kwa kupingana. Gurudumu moja hugusa kwanza, kisha la pili, kisha la pua, na wakati wote usukani uko upande wa upepo, kwa sababu ndege nyepesi inaweza kuinuliwa bawa hata ikiwa tayari iko chini.

Kwa Cessna 172, upepo wa ubavuni uliojaribiwa na watengenezaji wenyewe ni wa noti 15. Mwanafunzi hufunzwa kuukadiria bila kikokotoo. Upepo unaokuja kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye mstari wa njia, nusu yake ndiyo inayosukuma ubavuni, hivyo noti 20 zinakuwa 10. Kwa nyuzi 60, karibu wote ni wa ubavuni. Ni hesabu ya sekunde mbili, na inatakiwa ifanywe kabla ya kona ya tatu.

Zipo namna nyingine za kutua ambazo mwanafunzi hupitishwa moja baada ya nyingine: kutua bila flapu, kwa siku ambayo flapu zitagoma, kutua kwenye njia fupi, kwa mwendo mdogo uliodhibitiwa na breki kali, kutua kwenye udongo laini, gurudumu la pua likizuiwa juu kadiri inavyowezekana. Na lipo zoezi la injini iliyozimika, ambapo mkufunzi huvuta nguvu yote ya injini ndege ikiwa sambamba na mwanzo wa njia na kusema, sasa tua. Cessna 172 ikiteleza bila injini husafiri takriban futi tisa mbele kwa kila futi moja inayoshuka. Ni mbali kuliko watu wengi wanavyodhani, lakini si mbali kiasi cha kumsamehe aliyeuacha mzunguko wake ukawa mpana. Kwa maoni yangu zoezi hili linastahili kupewa muda mwingi zaidi kuliko linavyopewa na shule nyingi, kwa sababu ndilo pekee linalomwonyesha mwanafunzi ndege yake ni nini hasa pale injini inapoondolewa kwenye hesabu.

Juu ya yote hayo kuna somo moja ambalo naliona kuwa kiini cha mafunzo haya, nalo ni kuacha kutua. Njia iko mbele, mnara umekuruhusu, mkufunzi amekaa kimya. Lakini mwendo umezidi, au doa linasogea, au upepo umebadilika, au korongo wamesimama kwenye lami. Rubani anapaswa kuivunja shabaha yake mwenyewe, na akili ya binadamu haipendi kufanya hivyo. Tukishakaribia kitu tunakitaka zaidi. Kila rubani aliyemaliza njia akaishia kwenye ua alikuwa na nafasi ya kuondoka sekunde 20 kabla yake.

Na hapa ndipo ile injini ya robo tatu inapokumbukwa. Usawa wa bahari, rubani aliyechelewa kuamua bado ana nguvu nyingi za kumtoa. Wilson saa nane mchana, au Eldoret ambako uwanja uko karibu futi 7,000, nguvu hizo hazipo. Matoleo ya zamani ya Cessna 172 yana flapu zinazoshuka hadi nyuzi 40, na zikiwa zimeshuka zote kwenye hewa nyepesi, ndege inaweza kukataa kabisa kupanda. Matoleo ya baadaye yalipunguzwa hadi nyuzi 30. Rubani akisukuma nguvu yote, pua iliyokuwa imerekebishwa kwa mwendo mdogo huruka juu kwa nguvu, na ndege huvutwa kushoto. Lazima aizuie pua kwa mkono, akanyage pedali ya kulia, apandishe flapu kwa hatua, asizikunje zote kwa mara moja hata ndege ikazama. Yote haya ndani ya muda wa kuvuta pumzi mbili. Asiyeyazoea mwilini mwake atayakosea, na kosa lake ni ile aina ya pili ya ajali inayoua: pua juu, mwendo chini, ardhi karibu. Kwa hiyo katika nchi zetu za nyanda za juu, kuamua mapema si suala la tabia njema tu. Hewa haikuachii nafasi ya kuamua baadaye.

Wakufunzi wazuri huligeuza jambo hili kuwa mazoea kwa kulifanya lisiwe la aibu. Huamuru ndege iondolewe hata ikiwa inakuja vizuri kabisa, mara kwa mara, mpaka mwanafunzi aache kuona kuzunguka upya kuwa ni kufeli. Siku anayoruhusiwa kwenda peke yake, mkufunzi hushuka, hufunga mlango, na ndege iliyopungukiwa na uzito wa mtu mzima hupanda upesi kuliko ilivyozoeleka na huelea zaidi juu ya lami. Wenzake humngoja na ndoo ya maji ya kummwagia. Ningependa ndoo hiyo imwagwe kwa furaha zaidi pale mwanafunzi wa siku ya kwanza anapotazama njia, akaona haikai sawa, na akaamua mwenyewe kurudi juu.

Mazoezi haya yanahitaji anga, na anga ya Wilson imebana. Tarehe 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana hewani na ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyokuwa ikielekea Diani na watu 44 ndani yake. Dash 8 ilirudi salama. Mwanafunzi na mkufunzi wake walifariki, ndege yao ikaanguka ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Walikuwa kazini, wakifanya kile ambacho kila rubani wa abiria alikifanya kabla yao. Ndege za mafunzo zinatumia uwanja mmoja na ndege za watalii, ndege za mizigo, ndege za Shirika la Wanyamapori na zile za madaktari wanaoruka, ambao tangu mwaka 1957 wamekuwa wakiwafuata wagonjwa mahali ambapo gari haliwezi kufika kwa wakati. Wote wana haki ya kuwa pale. Lakini anayejifunza kutua ndiye anayehitaji zaidi utulivu, na ndiye anayeupata kwa kiasi kidogo zaidi. Ndege ya abiria ikikaribia, mwanafunzi huamriwa arefushe mzunguko au asubiri pembeni, na saa aliyolipia mafuta ya gharama huisha akiwa ametua mara nne.

Faida ya mazoezi haya haimwendei yeye peke yake. Abiria anayetua Keekorok au Musiara kule Maasai Mara anatua kwenye changarawe, mara nyingine baada ya rubani kupita chini mara moja kuwafukuza nyumbu na pundamilia. Njia nyingine zina mteremko, na njia inayopanda mlima humdanganya rubani ajione yuko juu mno, akashuka chini kuliko inavyopaswa. Njia nyembamba humdanganya vivyo hivyo. Anayejua kulifuata doa lisilosogea hadanganyiki kirahisi, na anayejua kuacha mapema ana nafasi ya kujaribu tena nyumbu wakiwa wameondoka. Hata kanuni za nchi nyingi zinakiri kwamba ustadi huu huchujuka: rubani ambaye katika siku 90 zilizopita hajaruka na kutua angalau mara tatu haruhusiwi kubeba abiria mpaka azirudie. Mtu mwenye leseni ya miaka 20 hurudi kwenye mstatili ule ule pamoja na mwanafunzi wa wiki mbili.

Kenya ina viwanja vidogo vingi vinavyopitisha siku nzima bila kuona ndege. Kimoja au viwili kati ya vilivyo karibu na Nairobi vingeweza kutengwa kwa ajili ya mizunguko ya wanafunzi, na mahitaji yake si ya kutisha: lami isiyo na mashimo, uzio wa kuzuia mifugo, mfuko wa upepo usiochanika, gari la zimamoto, na mtu wa redio anayejua kazi yake. Safari ya kwenda na kurudi ingekula dakika kadhaa, lakini mzunguko mmoja kwenye uwanja mtulivu huchukua kama dakika sita. Kwa saa moja ya mafuta yale yale, mwanafunzi anayetua mara nne Wilson angetua mara nane au tisa, na mkufunzi wake angekuwa na nafasi ya kumwamuru aache mbili au tatu kati ya hizo.